Mchaichai Wangu na Magoti ya Baba Mkwe

Leo nimeadhirika, na ninaandika kwa sababu kuongea siwezi. Mdomo wa juu umevimba mpaka ninauona bila kioo. Jicho la kushoto limefunga kabisa. Kwa hivyo msinipigie simu, na msinitumie zile sauti zenu za "pole mamaa, kwani nini mbaya?" Nikijibu mtasikia "mmbbh" na mtacheka, na mimi leo sitaki kuchekwa. Nimechekwa na wageni, nimechekwa na mume wangu, na nina hakika hata punda wa jirani yangu Mama Ndinda alicheka.

Nimekasirika! Nimekasirikia watu wengi na nitawataja wote, nikianza na nyinyi humu kwa grupu.

Nyinyi ndio mlinipandisha kichwa. Nilipoandika ule ushuhuda wangu wa mchaichai, nani kati yenu aliniambia, "Mama Mutheu, pole pole, hakikisha kwanza"? Hakuna. Mlijaza mioyo. Mlijaza vidole gumba. Mmoja wenu (unajijua) aliandika, "Dada, wewe ni daktari bila koti." Haya, njoo uone daktari wako leo.

Kwa wale walioingia grupu juzi, nitaeleza. Tunakaa Kalama, na mwaka huu nimelima mchaichai. Sisemi ule wa mashina mawili nyuma ya jikoni wa kutia kwa chai. Nasema shamba. Ni kile kishamba chetu cha chini kinachoshika maji, ambacho mume wangu, Baba Mutheu, hupanda ndengu kila mwaka. Nilimbembeleza huyo bwana hadi nikachoka. Kila akiketi kula, nilimsomea kutoka kwa simu kila kitu ambacho mchaichai unafanya. Unatoa gesi tumboni. Unaleta usingizi. Unashusha homa, unafukuza mbu, unalainisha ngozi, unaotesha nywele, na unatuliza hasira. (Kwa hilo la mwisho simu ilidanganya. Nimekunywa vikombe vinne kwa mrija tangu saa saba na bado nataka kumpiga mtu.)

Akakubali, lakini kwa sharti. "Mvua ya pili ikikolea na hakuna mnunuzi, naingiza ng'ombe na plau. Ndengu haingoji mtu."

Mvua ilianza wiki iliyopita. Plau ameshaitoa stoo na kuipaka grisi, na alisema Jumatatu asubuhi analima. Leo ni Jumamosi. Kwa hivyo ilikuwa leo au basi.

Sasa nije kwa Mzee. Mzee ni baba mkwe wangu, na tunakaa boma moja. Mama mkwe alifariki mwaka juzi, na tangu wakati huo ni mimi humpelekea Mzee chai asubuhi na jioni. Lakini msidhani tunaongea. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya wakwe. Simsalimii Mzee kwa mkono. Siketi naye meza moja. Kikombe nakiweka kwa stuli nje ya mlango wake, nakohoa, naenda zangu. Akiwa na neno anamwambia Baba Mutheu, na Baba Mutheu ananiletea. Nikiwa na neno, ni vivyo hivyo. Miaka kumi na miwili tumeishi kwa amani namna hiyo na sijawahi kuona ubaya wake mpaka leo.

Mzee ana magoti mabaya. Kutoka nyumbani hadi kanisani anasimama mara tano kupumzika. Zamani alikuwa mtu wa nyuki, lakini mama alipofariki akaacha kila kitu, na mizinga yake ikabaki mitupu huko mitini. Mimi kwa huruma yangu (huruma, mnaona imenifikisha wapi!) nikaanza kumtilia mchaichai kwa chai.

Baada ya siku chache Baba Mutheu akaniletea ujumbe. "Mzee anasema hayo majani ukishachemsha usimwage. Anayataka."

"Ya nini?"

"Sikuuliza."

"Si uende uulize."

"Uliza wewe."

Jamani, mimi nitamuuliza vipi baba mkwe anafanyia nini majani ya moto akiwa chumbani kwake peke yake? Na kama anaogea? Na akianza kunieleza? Ningeweka uso wangu wapi? Nikajijibu mwenyewe kwamba lazima anajikanda magoti. Kila jioni nikawa namwekea karai zima mlangoni, pamoja na mabichi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa natoka kuteka maji. Nikainua macho, nikamwona Mzee juu ya mgunga. Mzee huyo huyo wa kusimama mara tano! Ameketi kwa tawi, mguu huku na mguu huku, panga kiunoni, kama kijana anayekatia mbuzi majani. Ndoo iliniponyoka. Nikapiga picha, nikaileta hapa, nikaandika kwa herufi kubwa: USHUHUDA! MZEE HAKUWEZA KUTEMBEA, SASA ANAPANDA MITI!

Mmoja wenu akauliza, "Anatumia aje?" Nikajibu bila hata kumeza mate, "Anakunywa asubuhi, anajikanda jioni." Hilo nililitunga mimi. Sikuwa nimeuliza mtu yeyote.

Ushuhuda ukatembea mpaka ukamfikia Bi Zuhura, mama mmoja mwenye duka la viungo na majani ya chai mjini Machakos. Akanipigia. Sauti tamu, maneno machache. "Mama Mutheu, mimi sinunui maneno ya kwenye simu. Nitakuja Jumamosi nimwone huyo mzee, aniambie kwa kinywa chake. Akisema ndiyo, nalichukua shamba lote."

Lote! Sikulala siku mbili. (Na hapo nilikuwa nakunywa mchaichai wa usingizi.)

Basi leo saa kumi na moja alfajiri nilikuwa jikoni. Nilitia mchaichai kwa chai. Nilitia kwa supu ya kuku. Nilitia kwa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe. Mutheu wangu akanusa sahani yake, akaniangalia.

"Mami, hata muthokoi?"

"Kula."

Baba Mutheu akaonja kijiko kimoja, akakirudisha polepole. "Hii chakula inanuka sabuni ya wageni." Akaenda kuangalia plau yake. Nilimwacha, kwa sababu nilikuwa na kazi.

Kulikuwa na mafuta yangu. Nilikuwa nimeponda mchaichai, nikaulowesha kwa chupa ya mafuta, nikauficha chini ya kitanda mwezi mzima. Nilipofungua hiyo chupa leo, nyumba nzima ilinukia. Nikajipaka mikono, nikajipaka shingo, nikajipaka nyuma ya masikio. Nilitaka mgeni akinikaribia ajue amefika kwa mwenyewe. Halafu nikachukua majani mengine yaliyopondwa, nikajipaka kichwani kote kwa ajili ya nywele, nikafunga na mguu wa soksi ndefu iliyochakaa, ile ya rangi ya ngozi. Mpango ulikuwa nioshe saa tano, kwa sababu mgeni alisema anafika saa sita.

Nikiwa hapo nje naosha vikombe, nyuki wawili watatu wakaja kunizunguka. Nikawapungia mkono. Wakarudi, wakawa sita. Nikajiambia, hata wadudu wanajua kitu safi.

Mzee akapita akielekea zizini. Akasimama. Akanusa. Akaangalia juu, akaangalia mgunga, akanitupia jicho mara moja tu, haraka, jinsi mtu mwenye heshima humwangalia mkaza mwana. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaenda kumnong'oneza Baba Mutheu huko stoo.

Baba Mutheu akaja. "Mzee anasema usikae sana nje."

"Kwa nini?"

"Sikuuliza."

Nikatazama jua. Nikaona, maskini, Mzee anahofia nitaungua ngozi mbele ya mgeni. Niliguswa sana. Sasa niwaulize nyinyi: hiyo ndiyo tahadhari ya mtu mzima? "Usikae sana nje"? Huwezi kusema nyuki? Neno moja tu, nyuki! Na huyu mume wangu, ambaye kazi yake ni moja ya kubeba ujumbe, hawezi kuuliza "kwa nini" hata siku moja? Ng'ombe wake wanauliza kuliko yeye.

Saa nne kamili gari likapiga honi. Bi Zuhura! Saa mbili kabla ya wakati! Mimi hapo nina soksi kichwani. Nikaingia ndani mbio, nikavuta ile kofia yangu pana ya ukili niliyoivaa harusi ya dada yangu, nikaibandika juu ya kila kitu hadi kwenye nyusi. Nikatoka nikitabasamu.

"Karibu, karibu sana Bi Zuhura!"

"Ahsante, mama. Nimetangulia kidogo, nisamehe. Mashallah, kofia nzuri."

Kina mama wanne wa kikundi chetu nao wakafika. Nilikuwa nimewaita waone nikishinda. Nyuma yao, bila kualikwa, akaja jirani yangu Mama Ndinda, ambaye tangu Machi anamwambia kila mtu kwamba nimepanda nyasi kwa shamba la chakula. Simu yake ilikuwa mkononi tayari.

Tukateremka shambani. Bi Zuhura akakata jani, akalisugua kwa vidole, akalinusa macho yamefumba. "Huu umeshiba," akasema. Nikaanza kumwaga elimu yangu yote: gesi, homa, mbu, ngozi, nywele. Akaninyamazisha kwa mkono, kwa adabu.

"Mama, mchaichai naujua tangu utoto. Kwetu tunautia kwenye chai, tunautia kwenye mchuzi wa samaki, na mtu tumbo likimjaa anapewa kikombe. Una harufu nzuri, una ladha nzuri, tumbo linatulia. Hayo nayauza na sioni haya. Lakini magoti? Magoti sijayasikia. Niitie huyo mzee."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Ningesema, "Bi Zuhura, magoti sina hakika, chukua ya chai." Shamba lingenunuliwa hapo hapo. Lakini Mama Ndinda alikuwa ameshaanza kutabasamu, na mimi nikiona hayo meno yake siwezi kurudi nyuma. Nikasema, "Twende juu, Mzee anakungoja." Mdomo uliponza kichwa, na leo vyote viwili vimeumia.

Mzee akaletwa na Baba Mutheu. Ameoga, amevaa koti lake la kanisani, kwa sababu yeye ni mzee wa kanisa na alidhani mgeni amekuja kumsalimia. Akaketi kwa stuli mbali na mimi, amenipa bega. Nyuki nao walikuwa wanazunguka kofia yangu, lakini niliwaacha. Mtu hapigani na nyuki mbele ya mnunuzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeambiwa ulikuwa na shida ya magoti."

"Iko mpaka leo," Mzee akasema. "Hata jana sikulala."

Bi Zuhura akaniangalia. Nikatabasamu kwa nguvu.

"Lakini nimeona picha yako ukiwa juu ya mti."

"Napanda, ndiyo."

"Na magoti hayaumi?"

"Yanauma nikipanda na yanauma nikishuka."

Kina mama wakaanza kuangaliana. Bi Zuhura akajaribu tena, polepole, kama mtu anayetafuta sindano. "Sasa mzee, huu mchaichai wa mkaza mwana wako umekusaidia au haujakusaidia?"

"Aa, umenisaidia sana!" Mzee akasema, na uso wake ukang'aa.

Nikapumua! Nikamgeukia Mama Ndinda nimwonyeshe meno yangu na mimi.

"Umekusaidia nini, mzee?"

"Umenirudishia nyuki."

Mzee akaendelea kwa furaha yote. "Haya majani nayapondaponda, nayapaka ndani ya mzinga. Nyuki wakisikia hiyo harufu wanadhani wenzao wako ndani wanawaita. Mizinga mitatu sasa imejaa. Ilikuwa imekaa mitupu tangu mama Kioko atuache."

Kioko ndiye Baba Mutheu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Kwa hivyo hujikandi magoti na hayo majani?" Mama Ndinda akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Magoti? Hapana. Magoti napaka ile dawa ya tyubu ya hospitali."

Mwaitu, mama yangu! Kina mama walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Na mimi, badala ya kuomba ardhi ipasuke kama mtu mstaarabu, nikafura. Nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya tangu niolewe. Nikampigia baba mkwe kelele.

"Mzee! Si ungesema!"

Kicheko kikakatika. Mmoja wa kina mama akashika mdomo. Baba Mutheu akasema "Ai, Mama Mutheu!" kwa sauti ndogo. Mzee hakugeuka. Alijibu akiangalia lango, kwa upole, na huo upole ndio uliniua.

"Hamkuniuliza. Na nilimwambia Kioko akwambie usikae nje. Kuna kundi linatafuta nyumba tangu asubuhi."

Hapo ndipo nikasikia mngurumo. Kwanza nilidhani ni mashine ya kusaga unga ya kule barabarani. Halafu nikaona kina mama wote wanaangalia juu ya kichwa changu, na hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Sikuwahi kuona boma likitawanyika hivyo. Bi Zuhura alikunja buibui yake, akaruka ngazi tatu, akaingia jikoni kwangu na kufunga mlango. Kina mama wa kikundi walimfuata, wakaukuta umefungwa, wakaingia banda la kuku. Mama Ndinda akajifungia choo, lakini simu aliitokeza juu ya mlango ikiendelea kunasa. Na mume wangu, niliyemzalia watoto watatu! Alinipita. Sikusema alinijia, nasema alinipita, akaingia gari la mgeni, akapandisha vioo. Tuliangaliana kupitia kioo.

Mimi nikajiandaa kukimbia.

"Simama!"

Alikuwa Mzee. Baba mkwe wangu, anaongea na mimi moja kwa moja, baada ya miaka kumi na miwili.

"Mwanangu, usikimbie. Usipige mikono. Hao hawana vita, wanatafuta mahali pa kulala. Simama hivyo hivyo."

Nikasimama. Walikuwa wanatua juu ya kofia, mmoja juu ya mwingine, na kofia ilikuwa inazidi kuwa nzito kama sufuria ya githeri. Nilisikia vijiguu vyao kwenye paji la uso. Niliogopa, nawaambia ukweli, niliogopa hadi nikawaona watoto wangu wakilelewa na mama mwingine. Wangekaa tu hivyo bila shida, lakini mimi nikamwona tena Baba Mutheu ndani ya gari. Nikafungua mdomo nimtusi. Nyuki wa kwanza akanidunga mdomo. Nikakunja uso, wa pili akanidunga jicho. Nikafunga vyote.

Mzee akawasha kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, akaja na moshi wake hatua kwa hatua. Nilisikia magoti yake yakilia, kwa, kwa, kwa. Kweli hayajapona. Akasimama mbele yangu, akanong'ona na wale nyuki sijui maneno gani, akashika kofia kwa mikono miwili, akaiinua.

Na chini ya kofia kulikuwa na nini? Soksi. Mguu wa soksi uliochakaa, umefungwa fundo utosini, majani yanavuja kijani hadi masikioni. Mbele ya baba mkwe, ambaye kwa nthoni hafai hata kuniona bila kitambaa!

Mzee aligeuza uso papo hapo. Kwa heshima. Fikirieni mtu amebeba kofia iliyojaa nyuki, anatembea ameangalia upande ili asimwone mkaza mwana, na magoti ni yale. Alijikwaa kwa stuli. Akajirekebisha, akafika kwa mzinga mmoja mtupu uliokuwa chini kando ya stoo, akaiweka kofia mlangoni mwake, na wale nyuki wakaanza kuingia mmoja mmoja kama waumini. Kutoka chooni nikasikia Mama Ndinda akisema, "Imeshika yote."

Kulipotulia Bi Zuhura akatoka jikoni. Hakunicheka, na afadhali angenicheka. "Mama," akaniambia, "ungeniambia chai, ningechukua. Umeniambia dawa. Nikiiweka dukani, kesho mtu ataniletea magoti yake. Nimjibu nini?" Sikuwa na mdomo wa kumjibu. Na ana haki, na hiyo ndiyo inaniudhi zaidi, kwa sababu leo nilitaka angalau mtu mmoja awe na makosa kuliko mimi. Halafu akamgeukia Mzee. "Asali utavuna lini, mzee? Yako naichukua yote."

Yote! Neno langu! Akaipa asali ya Mzee!

Baba Mutheu alitoka garini pale tu mwenye gari alipolihitaji. Hakuniangalia. Akaenda moja kwa moja kwa plau, akaipigapiga kwa mkono. "Basi ni Jumatatu," akasema. Mimi nikaketi kwa ile stuli na kulia kwa jicho moja, kwa sababu lingine halikuwa linafunguka. Miezi yote hiyo ya kupalilia na kubeba maji! Nilikuwa nimeichoma kwa sababu ya meno ya Mama Ndinda.

Ndipo Mzee akaongea. Alikuwa na mgongo kwangu, anapanguza mikono, lakini sauti aliipandisha nisikie.

"Kioko. Shamba la chini ni la nani?"

"Ni lako, baba."

"Plau irudi stoo. Nina mizinga mingine minne mitupu. Unataka niipake ndengu?"

"Lakini baba, chakula—"

"Irudi." Akakohoa. "Na umwambie mama watoto hiyo chai asiache kuleta. Si ya magoti. Tangu mama yako aende, hakuna mtu mwingine hukohoa mlangoni kwangu."

Kioko alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Akageuka, na kwa mara ya kwanza leo akafanya kazi yake sawasawa. "Mzee anasema hiyo chai usiache kuleta."

Nimesikia! Kila mtu amesikia!

Nikalia tena, na safari hii sikujua nalia nini. Lakini msinielewe vibaya. Bado nimekasirika. Nimewakasirikia nyinyi, na Baba Mutheu, na Mama Ndinda, ambaye video yake imeshafika hadi Masii aliko dada yangu, kwa sababu amenipigia kuuliza kofia ya harusi yake imeenda wapi. (Hairudi. Nyuki wengine wamebaki ndani yake, na Mzee amesema wasisumbuliwe.) Hiyo video ikiwafikia, msiifungue. Najua mmeshaifungua. Basi chekeni kwa mkono mdomoni, na mtakaponiona kanisani muangalie vitabu vyenu. Na mtu akitaka kumfanya mwenziwe shahidi, amuulize kwanza atasema nini.

Jioni hii nimempelekea Mzee chai yake. Nimeweka kikombe kwa stuli, nikakohoa. Kutoka ndani nikasikia, "Asante, Mama Mutheu." Mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kumpitia mtu. Nikamjibu kwa heshima zote: "Mmbbh."

Akacheka! Mzee wa kanisa, nimemsikia kwa masikio yangu, amecheka hadi akakohoa yeye.

Sawa. Kesho asubuhi nitampelekea nyingine, mchaichai mwingi, moto kabisa. Sukari ajitafutie.